Mwendo wa Saba

Siku ile ilikuwa Jumatano ya tatu mfululizo, na watu wa mji ule walikuwa wamekwisha choka kuulizana Alhamisi imekwama wapi. Mji wenyewe haukuwa na ardhi. Msinitazame hivyo, ndivyo ulivyokuwa. Ulining'inia katikati ya majabali mawili, nyumba juu ya nyumba, ukumbi ubavuni mwa ukumbi, na vyote vilibebwa na boriti za bati jembamba lililokunjwa, bati ambalo ukiligonga kwa ukucha linalia. Chini palikuwa na ukungu mtupu. Nani aliujenga, na kwa nini hakujenga chini kama wenzake wenye akili zao, hayo mkamuulize mwenyewe mkimpata. Mimi nawasimulia habari za Sikudhani, na Sikudhani siku ile alikuwa na kazi ngumu.

Kazi yake ilikuwa kupima viungo. Boriti zilikuwa na watu wake, tena watu wengi, wenye majoho na vitambulisho. Yeye alishughulika na pale tu ambapo boriti moja inaishia na nyingine inaanzia. Akiulizwa unafanya kazi gani, hujibu, "Mimi nakaa panapokutanwa," watu wakacheka naye akacheka, lakini hakuwa akitania. Alikuwa na miaka hamsini na ushei. Aliishi Upande wa Kale pamoja na mama yake, Bi Mwanaarafa, katika chumba kilekile kilichokuwa karakana ya marehemu baba yake, Fundi Vuai. Meza ya baba ilikuwa palepale. Mkasi wa bati, nyundo, koleo, kopo la ribiti za kuungia bati, vyote palepale, na harufu ya bati lililokatwa haikuwahi kutoka ukutani. Miaka thelathini tangu mzee afe, na binti bado akiingia ndani huvua viatu taratibu asije akamshtua kazini.

Asubuhi ikabishwa hodi.

"Karibu, bwana. Karibu kiti, kama utakiona."

Aliyeingia ni Bwana Shamte Makungu, mkuu wa Ofisi ya Viungo, mtu wa miaka sitini, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla hajakosea. Kiti kilikuwa kimejaa vipande vya bati, basi akabaki amesimama. Akamwamkia bibi aliyekuwa kitako dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa Makungu, bibi."

"Makungu hajaoa," akasema Bi Mwanaarafa, akarudisha macho dirishani.

Shamte akaangalia viatu vyake, mtu mzima ameambiwa bado hajazaliwa. Sikudhani akamfanyia ishara kwamba asijali. Akili ya mama ilikuwa imeanza kutembea peke yake tangu kabla ya Jumatano ya kwanza. Siku nyingine alikuwa bibi wa miaka themanini, siku nyingine mwari anayengoja kuolewa, na Sikudhani alikuwa dada yake, au shangazi, au mgeni tu aliyekuja kuomba moto. Kuitwa kwa jina lake mwenyewe, Sikudhani, hilo alikuwa hajalisikia kwa muda mrefu, na lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Niwie radhi, dada," Shamte akaanza. "Kamba za chuma zinazoushikilia Upande wa Kale zimeliwa na kutu. Kaya zote arobaini lazima zihamie Upande Mpya leo hii, kabla ya alasiri. Njia ni moja tu, kupitia Kiungo cha Kumi na Nne, pale boriti ya kale inapokutana na boriti mpya. Hesabu zimekwisha. Inangojwa sahihi yako. Wewe ndiye wa mwisho katika watoto wa mafundi. Ukitia sahihi, watu wanavuka, na mama atatangulia, chumba chake kipo tayari, madirisha mawili."

"Nisipotia?"

"Usipotia, watu watabaki huku. Na kamba zile, dada, sijui kama zitafika Alhamisi."

"Alhamisi yenyewe haijulikani."

"Ndiyo hapo sasa."

Akaitandaza fomu juu ya meza. Boriti zilichorwa kwa mistari, na pale zilipokutana pamewekwa nukta moja nyeusi. Chini ya nukta palikuwa na vyumba sita vya kujaza: kiungo kitakwenda mbele kiasi gani, kitakwenda ubavuni kiasi gani, kitapanda au kushuka kiasi gani, kisha kitainama, kitageuka, kitasokoteka. Vyote sita Ofisi ilikwisha vijaza sifuri, kwa mwandiko mzuri sana.

"Na mwendo wa saba?" Sikudhani akauliza.

"Wa saba upi? Fomu ina sita."

"Shamte, milango ya Upande Mpya inafunga?"

Shamte akajikuna shingo. Kila mtu alijua kwamba milango ya Upande Mpya haifungi sawasawa, kana kwamba kuta zake zimepindishwa, na watu wa huko walikuwa wamekwisha kuifanya ndiyo desturi yao, kulala milango imeegemezwa na viti. "Dada, fomu hizi nilizikuta. Aliyenitangulia alizikuta. Aliyezitunga hatumjui, wala hatujui kama ni mtu. Lakini mila hatukuiacha, wallahi. Kitu tumekitia. Kutoka huku tumetia ushanga, kutoka kule tumetia kitasa. Niliweka kwa mkono wangu, na vigelegele vilipigwa."

"Nipe mpaka adhuhuri," akasema Sikudhani.

Shamte akaomba radhi, akatoka.

Sasa nisikilizeni vizuri kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sikudhani aliketi mezani pa baba yake, na kwa kuwa Jumatano zilikuwa zimerundikana, akawa ana miaka hamsini na ushei na papo hapo ana miaka saba, miguu haifiki chini. Fundi Vuai yupo mbele yake, shati limekunjwa mikono, kalamu sikioni. "Chukua karatasi," anasema. "Ikunje iwe mfereji. Sakafu moja, kuta mbili, juu wazi. Haya, isokote." Mtoto anaisokota. "Umeona nini?" "Imezunguka, baba." "Tazama mdomoni." Mtoto anatazama mdomoni, na kumbe ukuta mmoja umetangulia na mwingine umebaki nyuma, kama watu wawili waliokosana njiani. "Huo ndio mwendo wa saba. Gogo halina mwendo huo, gogo likisokotwa linasokoteka lote pamoja. Bati jembamba lina mdomo, na midomo ikipishana, umbo limekwisha, hata kama boriti yote ni nzima." Kisha baba anacheka, anampa kipande cha bati akachezee, na mlango uko wazi, na nje watu wanapita na kuita, "Fundi! Kiungo chetu lini?" Ah, dunia ile! Sikudhani aliitamani mpaka meno yakamuuma. Aliitamani hata ile kelele yake ya nyundo, iliyokuwa ikimkosesha usingizi wa mchana.

Na siku za kuunga, je! Kaya mbili zikitaka kuunganisha kumbi zao, kila moja huleta kitu chake: ushanga, kifungo, kijiko, jino la kwanza la mtoto. Fundi Vuai huvaa kanzu. Huvinyanyua vitu vile juu watu wote wavione, huvitia ndani ya mdomo pale boriti zinapokutana, husema, "Vimekutana," na vigelegele huripuka mpaka bati linavuma. Kisha watu wote hukimbilia sinia za pilau upande wa pili. Na kiungo kile hakitikisiki tena, kizazi baada ya kizazi. Hivyo ndivyo Sikudhani alivyokumbuka, na hivyo ndivyo mji mzima ulivyokumbuka.

Basi akachukua makopo ya maziwa, akayakata, akayanyoosha, akakunja boriti mbili ndogo, moja kwa kipimo cha kale na moja kwa kipimo kipya, akaziunga ribiti kwa ribiti kama Ofisi ilivyoziunga. Akapata Kiungo cha Kumi na Nne cha kukaa kiganjani. Akatia ndani yake ushanga na kitasa cha sanduku dogo, maana mila ni mila. Akakisukuma mbele: kimya. Ubavuni: kimya. Juu na chini: kimya. Akakiinamisha, akakigeuza, kikavumilia. Kisha akakisokota, kidogo tu, kiasi cha kaya arobaini kupita upande mmoja wa boriti na mafurushi yao kichwani. Midomo ikapishana. Kuta zikajikunja ndani. Kiungo kikalala kiganjani mwake kimebonyea, na ushanga ukadondoka sakafuni.

Akatengeneza kingine. Akabadili kitu, akatia pete ya baba yake. Kikabonyea. Kingine, akatia kifungo cha kanzu ya baba. Kikabonyea. Akang'oa uzi katika kofia ya marehemu, akautia, huku akijiambia kwamba pengine kosa ni la vitu, vitu vya siku hizi havina uzito. Mwanamke mzima, msomi wa viungo! Lakini msimcheke. Mtu akiwa na hamu na wafu wake hufanya mambo ambayo akili yake inayaona na inayanyamazia.

Nukta. Nukta haina upana. Nukta haina ndani. Mtu hawezi kuketi ndani ya nukta. Ofisi hupenda nukta kwa sababu nukta haina la kusema. Lakini mimi nimekaa panapokutanwa miaka yote hii na nimeona pana kuta, pana kona, pana giza. Vitu viwili vikikutana, ni kipi kinachovuka kutoka huku kwenda kule? Nguvu inavuka, sawa. Uzito unavuka. Na msokoto, je? Na kupishana kwa midomo? Baba alivuka kuja kwangu, nina pua yake, nina hasira zake. Nini kilichokwama katikati? Hivyo ndivyo Sikudhani alivyojisemea, na hakujua kwamba alikuwa akisema kwa sauti, mpaka aliposikia mtu anacheka nyuma yake.

Alikuwa Bi Mwanaarafa. Alikwisha kuondoka dirishani, amesimama juu ya bega la binti yake, anatazama makopo yaliyobonyea.

"Dada," akasema, "mbona mmeacha mdomo wazi?"

"Mdomo gani, mama?"

"Huu hapa. Nani kakufundisha kuunga hivi? Hebu sogea huko."

Sikudhani akasogea. Bi Mwanaarafa akaketi. Akachukua mkasi wa bati bila kuutafuta, mkono ulikwenda wenyewe mahali ulipo. Akakata kipande kidogo cha pembe nne, akakunja masikio manne pembeni mwake, kila sikio upande wake, akakiingiza ndani ya kiungo. Hakukiweka sawa na mdomo kama ambavyo Sikudhani angekiweka. Alikiweka kimshazari, kutoka kona ya huku hadi kona ya kule, kikashika kuta zote nne kwa pamoja. Akapiga ribiti nne. Akamrudishia.

"Sokota."

Sikudhani akasokota. Akasokota kwa mikono miwili. Akakiweka chini ya mguu wa meza na kukalia meza. Kiungo kilimtazama tu.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nani alikufundisha wewe?"

"Nifundishwe na nani? Vuai alikuwa anajua kukunja, kuunga hajui. Viungo vyake vya mwanzo vilianguka vyote, maskini, akalia hapa hapa. Nikamwambia, nyamaza, wewe watie vitu vyao wafurahi, wakienda kula mimi nitakwenda kuziba." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Pilau sikuwahi kuila ya moto hata siku moja."

Wallahi, Sikudhani alihisi chumba kimegeuka. Si kwa kutikisika. Kamba zilikuwa bado zinashika. Kiligeuka ndani ya kichwa chake. Miaka thelathini alikuwa akivua viatu kwa ajili ya mtu aliyekuwa nusu tu ya karakana ile, na nusu ya pili alikuwa akiipikia uji na kuifungia kanga na kuiambia kaa hapa dirishani usiguse kitu. Aliona tena siku za kuunga, zilezile, lakini safari hii hakutazama kanzu ya baba. Alitazama pembeni. Watu wanakimbilia sinia, na mwanamke mmoja mwembamba anarudi nyuma peke yake, ana kitu chini ya kanga, anainama anaingia ndani ya boriti. Alikuwapo siku zote. Sikudhani mwenyewe aliwahi kumlilia, "Mama, twende tukale!" na sauti ikamjibu kutoka ndani ya bati, "Tangulia." Mji ukashika ushanga na vigelegele, ukasahau kizibo, kwa sababu kizibo hakuna aliyekiona kikitiwa. Sikudhani alilia, na alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake yeye.

Lakini jua lilikuwa linapanda na kaya arobaini zinafunga mafurushi. Akamshika mama mkono, wakaenda Kiungo cha Kumi na Nne, na bati jipya kwapani.

Ndani ya kiungo mlikuwa na nafasi ya watu wawili waliopiga magoti. Ushanga wa Ofisi na kitasa vilikuwa vimelala sakafuni, vimetulia, havina habari. Shamte aliwasubiri mlangoni huku ameshika fomu. Sikudhani akaweka bati mbele ya mama. "Haya, mama. Kata kama ulivyokata nyumbani."

Bi Mwanaarafa akalitazama bati. Akamtazama Sikudhani. "Bibi harusi yuko wapi?" akauliza.

"Mama, kizibo. Unakumbuka kizibo?"

"Mmeniita harusini, na harusi siioni."

Sikudhani akaeleza, akachora kwa kidole, akasema nukta, akasema kona, akasema mwendo wa saba, na kila neno lilimpeleka mama mbali zaidi. Macho yake yakaanza kujaa machozi ya mtoto aliyepotea sokoni. Kutoka nje wakasikia kamba moja ya Upande wa Kale inakatika uzi baada ya uzi, na Shamte anasema, "Niwieni radhi, lakini..."

Hapo Sikudhani akakumbuka kwamba mkono wa mama ulifika kwenye mkasi pale tu ambapo hakuna aliyeuliza kitu. Basi akaacha kuuliza. Akachukua mkasi, akauweka wazi kiganjani mwake, akaunyoosha kimya, kama msaidizi. Akangoja. Alingoja kitambo, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko hesabu zote alizowahi kufanya. Mkono wa mama ukauchukua mkasi. Bati likaanza kulia. Mkono ukinyooshwa, Sikudhani anatia koleo. Ukinyooshwa tena, anatia nyundo. Ribiti. Ribiti. Nyundo. Sikio la mwisho lilipopigwa, Bi Mwanaarafa akagonga kizibo kwa ukucha, akasikiliza, akatoka nje kwa makalio akilalamika magoti yanamuuma.

Sikudhani akachukua kalamu ya Shamte, akachora chumba cha saba chini ya vile sita, hakikunyooka, akakijaza, akatia sahihi. Akamrudishia Shamte fomu.

Mama alitangulia, kama alivyoahidiwa. Sikudhani hakuvuka naye. Alibaki ndani ya kiungo, sikio juu ya bati, anahesabu hatua za mama yake juu ya kichwa chake. Alizisikia zinafika pale panapokutanwa. Kizibo kikavuma. Midomo ikatetemeka, ikataka kupishana, ikakataa. Hatua zikaendelea. Ikafuata kaya ya pili na vyungu vyake, ya tatu na mbuzi wao, ya kumi, ya ishirini, na wote walipita upande mmoja kwa sababu upande ule ndio uliokuwa na kivuli, na kiungo kilibeba. Kaya ya arobaini ilipokanyaga ng'ambo, Upande wa Kale ukaachia kamba zake, na karakana ya Fundi Vuai ikaenda ukunguni pamoja na meza yake. Sikudhani alikuwa amekwisha toka. Aliiona ikienda.

Shamte alimjia mbio, jasho linamtiririka, amefurahi hata amesahau kuomba radhi. "Dada, umebaki mstari mmoja. Hapa, fundi aliyeunga. Tangu nianze kazi naona unaandikwa Vuai. Hata baada ya kufa kwake, tunaandika Vuai tu. Niandike Vuai?"

"Andika Mwanaarafa."

Bi Mwanaarafa alikuwa ameketi juu ya furushi karibu yao, anapepewa na wanawake wa kaya ya pili. Akainua kichwa. "Ndiye nani huyo?"

"Ndiye fundi aliyeunga hapa tulipopita, mama."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi mkamwambie. Nimepita juu yake sikutikisika. Kazi yake imekaa. Mkamwambie mapema, maana watu wa kazi ile hawaambiwi."

Sikudhani akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake miwili, vidole bado vyeusi kwa bati. "Mama," akasema. "Kazi yako imekaa."

Bi Mwanaarafa akamtazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mjumbe aliyekosea nyumba.

"Si mimi, mwanangu," akasema, na akaivuta mikono yake taratibu. "Mkamwambie mwenyewe."